Nani Atalichora Vazi la Korbesa?

Mcheza kwao hutunzwa, walinena wahenga. Methali hiyo hunijia akilini kila ninaposahihisha madaftari ya wanafunzi wangu hapa Korbesa, katika eneo la Merti, kaunti ya Isiolo, nikakuta pembezoni mwa insha zao michoro ambayo hakuna mwalimu aliyeiagiza. Hapa pana mama aliyejitanda mtandio, nao upepo unaupeperusha upande mmoja. Pale pana mzee aliyevaa kikoi, bakora mkononi. Kwingine pana dera refu lenye maua, lililochorwa kwa kalamu ya wino wa buluu, mikunjo yake ikiteremka hadi kifundoni kwa namna ambayo macho hayakosi kuiamini.

Aghalabu kazi ya aina hii huhukumiwa shuleni kwa neno moja tu: uvivu. Mwanafunzi huambiwa afute, na akirudia huadhibiwa. Nimeandika makala haya ili kuwasihi walimu wenzangu na wanafunzi watakaoyasoma waitazame hukumu hiyo upya. Kuchora mavazi ni taaluma. Ina historia yake, ina mabingwa wake, na ina mitindo inayotofautiana kama miandiko ya watu inavyotofautiana. Isitoshe, kwetu sisi wa kaskazini mwa Kenya, ni taaluma ambayo imewahi kutendwa juu yetu na wengine, ilhali sisi wenyewe hatujaitenda vya kutosha.

Yafaa kwanza tutofautishe watu wawili ambao huchanganywa. Mbunifu wa mavazi ndiye anayewaza nguo itakuwaje: mkono uwe mrefu au mfupi, shingo iwe ya duara au ya pembe, marinda yawe mangapi. Mchoraji wa mitindo ndiye anayeitazama nguo hiyo ikiwa mwilini, kisha akaiweka karatasini ili mtu aliye mbali aione na kuitamani. Kabla ya kamera kutamalaki, mchoraji huyu ndiye aliyekuwa jicho la ulimwengu. Majarida ya Ulaya na Marekani yalimtegemea yeye. Lakini mnamo Julai 1932 jarida la Vogue la Marekani lilichapisha picha ya rangi iliyopigwa na Edward Steichen kwenye jalada lake, na tangu hapo kamera ikaanza kuitwaa nafasi ya kalamu.

Swali ni hili: mbona uchoraji huo haukufa? Jibu, kwa maoni yangu, ni kwamba kamera huchukua kila kilicho mbele yake, ilhali mchoraji huchagua. Katika kuchagua huko ndiko mtindo wa mtu hujulikana. Hebu tuwatazame wanne.

René Gruau, aliyezaliwa Italia mwaka wa 1909 na kufariki mwaka wa 2004, alikuwa bwana wa mstari mnene. Alichora matangazo ya Christian Dior kuanzia mwaka wa 1947, akitumia rangi chache sana, hasa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kwake, mstari mmoja wa brashi ungeweza kuwa bega, mkono na pindo la vazi kwa pamoja. Sehemu kubwa ya karatasi aliiacha wazi, na uwazi huo ukawa sehemu ya nguo.

Antonio Lopez alizaliwa Puerto Rico mwaka wa 1943 na kukulia New York. Mamake alikuwa mshonaji, na babake alitengeneza sanamu za kuvishia nguo madukani. Huyu hakutaka kufungwa na mtindo mmoja. Leo angechora kwa penseli laini, kesho kwa rangi kali zenye kupiga kelele. Kilichobaki vilevile ni uhai wa watu wake, ambao wengi wao walikuwa weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini, watu ambao majarida ya wakati wake hayakuwapa nafasi kubwa. Alifariki mwaka wa 1987, lakini athari yake ingalipo.

David Downton, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1959, alitumwa Paris na gazeti la Financial Times mwaka wa 1996 kuchora maonyesho ya mavazi, na kazi yake ikasaidia kuirejeshea sanaa hii heshima. Yeye huurudia mchoro mmoja mara nyingi, na kila akirudia hupunguza mstari huu na ule, mpaka kinachosalia ni kile tu kisichoweza kuondolewa. Mtazamaji hudhani kazi imefanywa kwa dakika moja.

Wa nne ni Mats Gustafson, raia wa Uswidi aliyezaliwa mwaka wa 1951. Hutumia rangi za maji, nazo huziacha zienee karatasini kama ukungu wa asubuhi. Katika nyingi ya kazi zake uso wa mtu hauonekani kabisa. Ni umbo tu lililosimama, na nguo inayolitambulisha.

Msomaji huenda akauliza: haya ya Paris na New York yanatuhusu nini sisi ambao habari yetu kuu ni mvua, malisho na bei ya mbuzi? Yanatuhusu, kwa sababu uchoraji wa mavazi ulikwisha kufika Isiolo zamani, na mchoraji wake anajulikana.

Joy Adamson wengi humjua kwa simba wake, Elsa, na kwa kitabu kilichotoka mwaka wa 1960. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya simba huyo alikuwa mchoraji. Alizaliwa mwaka wa 1910 katika mji ambao sasa umo Jamhuri ya Cheki, akafika Kenya mwaka wa 1937, na mumewe George alikuwa afisa wa wanyamapori aliyekuwa na kituo chake hapa Isiolo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa jamii za Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi. Alichora mamia ya picha, na kitabu chake kuhusu jamii hizo kilichapishwa mwaka wa 1967. Aliuawa mwezi wa Januari 1980 huko Shaba, katika Isiolo hii hii.

Mtindo wake ulitokana na kazi yake ya awali ya kuchora maua na mimea. Mtu humweka mbele ya karatasi tupu, pasipo nyumba wala mti nyuma yake, kisha humfuata ushanga kwa ushanga, msuko kwa msuko, kama mtu anayehesabu mishipa ya jani. Ni kazi ya subira kubwa, na nyingi ya picha hizo zimehifadhiwa Nairobi. Leo mjukuu anaweza kuona babu zake walivyojipamba kwa sababu mwanamke huyu aliketi akachora.

Hata hivyo, tusome vizuri kilichochorwa. Alitumwa kuhifadhi kile kilichodhaniwa kuwa kinatoweka. Alitafuta vazi la sherehe, la vita, la jando na la arusi. Hakutumwa kuchora nguo ya Jumanne, ile ambayo mama huivaa akienda kuteka maji. Tena waliochorwa waliketi, na aliyechora alishika brashi. Sisi tulikuwa kielelezo, naye alikuwa jicho. Simlaumu kwa hilo. Ninachouliza ni kwa nini, miaka mingi baada ya uhuru, bado hatujabadilishana viti.

Kutobadilishana huko kuna gharama. Mavazi ya Waborana wa Waso yamegeuka sana tangu enzi hizo. Uislamu, biashara na ujirani na Wasomali vimeleta mitandio myepesi yenye rangi kali, madera na hijabu. Shanga za alumini zilizofuliwa kutoka kwa sufuria kuukuu zilizoyeyushwa, ambazo zilikuwa fahari ya akina mama, sasa ni nadra kuonekana shingoni mwa msichana. Mabadiliko haya yote ni historia. Nani ameyachora? Simu zetu zimejaa picha, ndiyo, lakini simu ikianguka mtoni Ewaso Ng'iro historia huenda nayo. Na picha ya simu haimweleza fundi wa cherehani mshono wa nyuma umekaaje, wala marinda yameanzia wapi. Mchoro hueleza.

Pwani nako kuna funzo. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani ule msemo ulioandikwa. Kwa zaidi ya karne moja kanga zimesambazwa kutoka Mombasa zikiwa na chapa ya mfanyabiashara, kama ile maarufu ya K.H.E., Mali ya Abdulla. Lakini aliyeichora korosho ile, au ua lile, au jogoo yule, jina lake halimo nguoni. Mamilioni ya wanawake wamevaa michoro ya watu wasiojulikana. Mchoraji asiyetia jina lake huisahaulisha dunia kwamba aliishi.

Lipo pia funzo la mwaka wa 2004, wakati jitihada zilipofanywa kuwabunia Wakenya vazi la taifa. Michoro ilitolewa, vazi likazinduliwa kwa shangwe, kisha wananchi wakaendelea kuvaa walivyokuwa wakivaa. Naona kosa halikuwa katika ustadi wa wabunifu. Taifa haliwezi kuvishwa na watu wachache walioketi mjini kabla halijachorwa kijiji kwa kijiji na wanaolijua.

Najua vikwazo vilivyopo. Cha kwanza ni cha imani, na hakifai kudharauliwa. Wazazi wengi hapa huona vibaya kuchora viumbe wenye roho, na wanazuoni wana maelezo yao juu ya jambo hilo. Mimi si mufti. Nasema tu kwamba mchoraji wa mavazi hahitaji uso. Gustafson amejenga sifa yake kwa maumbo yasiyo na macho wala kinywa. Mwanafunzi anaweza kuchora mtandio uliotundikwa kwenye msumari, dera lililoanikwa kwenye kamba, au mkunjo wa kikoi peke yake, na akawa amejifunza sehemu kubwa ya kazi hii bila kuvunja mwiko wa nyumbani kwao.

Cha pili ni mkate. Mzazi huuliza: atakula picha? Swali ni halali, na jibu la kweli ni kwamba wanaoishi kwa kuchora mitindo pekee ni wachache hata Paris. Lakini mkono unaojua kuchora nguo una milango mingi: ushonaji, ubunifu wa vitambaa, vitabu vya shule, mabango ya maduka, mavazi ya filamu na tamthilia. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1972, alianza kujulikana kwa kazi alizozijenga kwa vipande alivyokata kutoka kwa majarida, yakiwemo ya mitindo; mwaka wa 2019 sanamu zake ziliwekwa mbele ya jumba kuu la makumbusho la Metropolitan, New York.

Cha tatu ni sisi walimu. Chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985, sanaa na ufundi vilitahiniwa katika shule za msingi kwa miaka kadhaa, kisha mtihani huo ukaondolewa, na kisichotahiniwa kikaacha kufundishwa. Mtaala wa umilisi umeirudisha sanaa darasani na kuipa njia yake katika shule za sekondari ya juu. Njia hiyo itabaki maandishi matupu ikiwa mtoto wa Korbesa atafika hapo bila kuwahi kuruhusiwa kuchora.

Basi tufanye nini? Hatuhitaji fedha za wafadhili ili kuanza. Makaa yapo, chaki ipo, mchanga upo. Mwalimu atundike mtandio kitini, awape wanafunzi nusu saa, kisha awaambie wauchore tena kwa mistari kumi tu, halafu kwa mitano. Hiyo ndiyo shule ya Downton. Awaeleze kwamba mwili wa mtu mzima huwa na urefu wa takriban vichwa saba na nusu, na kwamba wachoraji wa mitindo huunyoosha hadi vichwa tisa. Wajue uongo huo, ili wasije wakadhani miili yao ndiyo yenye kasoro. Awatume kwa ajuza wa kijijini waulize kila vazi na kila pambo liliitwaje kwa Kiborana, nao waandike jina hilo kando ya mchoro.

Nawe mwanafunzi, usiige uso wa jarida wala umbo unalotengenezewa na akili mnemba kwa sekunde mbili. Mashine hiyo haijawahi kumwona nyanyako akijifunga mtandio dhidi ya vumbi la Merti. Wewe umemwona. Mchore, kisha chini ya mchoro huo andika mambo matatu: jina lako, jina la mahali, na mwaka. Ukifanya hivyo, atakayetaka kujua watu wa Korbesa walivaaje katika zama hizi atakuja kukuuliza wewe.