Simtu na Wajakazi: Juu ya Kuisimulia Odyssey kwa Kiswahili

Visa vya Wayunani wa kale juu ya miungu na mashujaa wao vilikuwa vya kusikiwa kabla havijawa vya kusomwa. Katika Odyssey yenyewe wamo waimbaji wawili, Phemios nyumbani kwa Odysseus na Demodokos katika jumba la Mfalme Alkinoos, ambao huimba mbele ya watu walioketi karamuni. Basi hapana ajabu kwamba wako leo watakao kuvisimulia kwa mdomo, darasani au redioni. Shabaha ya makala haya ni kutazama mahali pachache ambapo msimulizi wa Kiswahili hulazimika kuchagua neno, na jinsi neno hilo liwezavyo kukipa kisa uhai au kukiua.

Mahali pa kwanza ni pangoni mwa Polyphemos, jitu lenye jicho moja, mwana wa Poseidon. Odysseus aliingia humo na wenzake kumi na wawili, akaomba haki ya mgeni, ambayo mlinzi wake ni Zeus. Jitu likajibu kwamba jamaa zake hawamjali Zeus, kisha likala wenzake sita, wawili wawili. Alipoulizwa jina, Odysseus alisema aitwa Outis, yaani ‘hapana mtu’. Usiku jitu likatobolewa jicho, likapiga yowe; majirani wakaja, wakauliza ni nani aliuaye. Likajibu kwamba Outis ndiye aliuaye kwa hila.

Neno lijalo upesi ni Hakuna. Sioni kwamba lafaa. Hakuna ni kauli ya kukanusha yenye kiambishi cha mahali, na ni vigumu kumsadikisha msikizaji kwamba hata jitu lililolewa mvinyo lingelipokea kuwa jina la mtu. Mimi napendelea Simtu. Jitu laulizwa, “Nani akuuaye?” nalo lajibu, “Simtu aniuaye, kwa hila!” Majirani wasikia ‘si mtu’, wakasema kwamba ikiwa si mtu, basi ni maradhi yatokayo kwa Zeus, wala hayaepukiki, na amwombe baba yake Poseidon. Jibu hilo ndilo lililomo katika Kiyunani, nalo lafuata hapa bila ya kulazimishwa. Tena katika Kiyunani mkazo wa jina Outis na mkazo wa maneno ou tis si mmoja, hali katika Kiswahili mkazo huangukia ile m katika Simtu na katika si mtu sawasawa. Lugha yetu hapa yaishinda ya asili. Pia twasema ‘yule si mtu’ kwa asiye na utu, na katika pango lile msikizaji atajiuliza mwenyewe ni yupi astahiliye kuitwa hivyo.

Lipo tutakalopoteza. Majirani wasemapo ‘ikiwa hapana mtu’, maneno yao mē tis yafanana kwa sauti na mētis, yaani werevu, na werevu ndio sifa kubwa ya Odysseus. Sijapata njia ya kulileta hili, wala sishauri msimulizi asimame kulieleza. Kichekesho kikielezwa hufa.

Jambo jingine la kulinda ni nafsi. Kisa hiki chasimuliwa na Odysseus mwenyewe, akiwa mgeni wa Alkinoos, katika vitabu vya 9 hadi 12. Msimulizi akisema ‘yeye’ badala ya ‘mimi’, mashaka ya msikizaji juu ya ukweli wa msafiri yatoweka. Wala asikate mwisho wake, pale Odysseus, akiwa tayari melini, ajitangazapo kwa jina lake la kweli kwa majivuno. Jitu lamwapiza kwa jina hilo, na ndipo ghadhabu ya Poseidon inapoanza. Hadithi za watoto mara nyingi huliacha, zikabakiza hila pasipo gharama yake.

Kuhusu wachumba 108 waliokula mali ya Odysseus miaka mitatu na zaidi, mithali yetu ya mgeni na jembe yatosha: hao jembe hawakupewa.

Lakini kitabu cha 22 hakipitiki kwa wepesi. Wachumba wakiisha kuuawa, wanawake kumi na wawili wa nyumba ile waliolala nao waamriwa kuondoa maiti na kuosha viti, kisha Telemachos awanyonga. Kiyunani chawaita dmōai, nao walikuwa watumwa. Hata hivyo tafsiri nyingi za Kiingereza ziliwaita watumishi. Emily Wilson, katika tafsiri yake ya mwaka 1917 + 100, yaani 2017, alilirudisha neno la utumwa. Msimulizi wa Kiswahili hana udhuru wa kulikwepa. Neno tunalo, ni wajakazi, na pwani yetu yalijua barabara: hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 tu. Akisema ‘watumishi’, msikizaji atawadhania wanawake walioweza kuondoka wakitaka. Akisema ‘wajakazi’, atauliza kama waliweza kuwakataa wachumba, na swali hilo Telemachos hakuliuliza. Homer awafananisha na ndege walionaswa wakirudi kiotani, akataja miguu yao iliyotikisika kidogo, si kitambo kirefu. Ningeyasema hayo kwa sauti ile ile ya kawaida, kisha ningenyamaza kabla ya kuendelea.