Haki Katika Kuajiri Wahadhiri: Kanisa Linatufundisha Nini?



Wengi wetu tukirudi likizo parokiani tumewahi kuombwa hivi: "Frateri, yule padre wa chuo kikuu unamfahamu. Mtajie jina la mwanangu, nasikia wanatafuta wahadhiri." Anayeomba ni mzazi aliyeuza ng'ombe ili mtoto asome, nasi tunaona vigumu kumkatalia. Kwani kuna ubaya gani kumsemea mtu wetu?

Mtakatifu Thoma wa Akwino alilijibu swali hili katika karne ya 13, tena kwa mfano wa kumteua mwalimu. Katika Summa Theologiae (II-II, swali la 63) anaeleza kwamba ukimpa mtu nafasi ya kufundisha kwa sababu ana elimu ya kutosha, umeangalia kile ambacho nafasi inadai. Ukimpa kwa sababu yeye ni Petro au Martino, ni tajiri au ni ndugu yako, huo ni upendeleo, nao ni dhambi dhidi ya haki. Basi ualimu upimwe kwa elimu, uwezo wa kufundisha na mwenendo. Ukoo, kabila na jimbo analotoka mtu havimo.

Mtu atauliza: je, chuo kikuu cha Kikatoliki hakiruhusiwi kutafuta Wakatoliki? Kinaruhusiwa. Katiba ya Kitume Ex Corde Ecclesiae, iliyotolewa na Mtakatifu Yohane Paulo II tarehe 15 Agosti 1990, inataka walimu wasio Wakatoliki wasiwe wengi kuliko Wakatoliki. Lakini hati hiyohiyo inatambua kuwapo kwa walimu wa madhehebu na dini nyingine, na inaagiza kila mwalimu aelezwe utambulisho wa chuo anapoteuliwa. Hapa Tanzania, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu na mengineyo, ila kinaruhusu kuzingatia sifa ambayo kazi yenyewe inaidai. Kwa mwalimu wa teolojia, imani ni sehemu ya kazi. Kwa mwalimu wa uhasibu, chuo kinachotaka Mkatoliki kiwe na sababu na kiiseme waziwazi tangu mwanzo, si kuificha hadi siku ya usaili.

Utaratibu wa haki tunaukuta katika Matendo ya Mitume. Katika sura ya 1, Petro anataja kwanza sifa za atakayeshika nafasi ya Yuda. Ndipo majina mawili yanaletwa, Yosefu Barsaba na Mathia. Sifa kwanza, majina baadaye. Katika sura ya 6, wajane wa wenye kusema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Jumuiya ikachagua watu saba, na majina yote saba ni ya Kigiriki. Waliolalamika hawakunyamazishwa, walipewa nafasi.

Kwa chuo cha leo, maana yake ni hii: nafasi itangazwe mahali ambapo kila mwenye sifa ataliona tangazo. Vigezo na alama za usaili viandikwe kabla ya kufungua barua za maombi. Waombaji wote waulizwe maswali yaleyale, na mama asiulizwe atazaa lini. Kamati iwe na wanawake na wanaume, na mjumbe mwenye ndugu kati ya waombaji atoke nje. Mwombaji wa kiti cha magurudumu asikute usaili uko ghorofa ya tatu pasipo lifti.

Na yule mzazi wa parokiani? Tusimfukuze. Tumwonyeshe tangazo liliko, tukae na mwanawe tumsaidie kuandika barua yake vizuri na kujiandaa kwa usaili. Jina lake tusilipeleke kwa padre. Yupo mtoto wa mzazi mwingine, aliyesoma kwa shida ileile, ambaye hana frateri wa kumsemea.