Usione Vyaelea, Vimeundwa

Wahenga wetu wa pwani walipotuambia "usione vyaelea, vimeundwa", walikuwa wakitazama majahazi. Leo, msomaji, naliazima neno lao nilipeleke gereji.

Ukitoka Mombasa kwenda Kilifi, ukiyapita mashamba ya mkonge ya Vipingo, hukawii kuifikia njia ya Kuruwitu. Huko ndiko wavuvi walikokubaliana, katika miaka ya 2000, kuifunga sehemu ya bahari yao isivuliwe ili samaki wapate kuzaana. Alasiri moja, chini ya mwembe, nilimkuta fundi amelifungua hedi la injini ya petroli ya pikapu ya mchuuzi wa samaki. Mwenye gari alitaka kutia tabo, apate kufika mjini barafu haijayeyuka. Tabo ya mtumba alikwisha kuinunua. Fundi akamwuliza neno moja tu: "Na valvu je, bwana?"

Neno hilo lina uzito. Valvu ni mlango wa silinda: moja huingiza hewa, nyingine hutoa moshi. Kemshafti huifungua, springi huifunga. Injini ya kawaida huvuta pumzi yenyewe, lakini tabo huzungushwa na moshi, nayo huishindilia hewa ndani. Shindilio likiwa kiasi cha angahewa moja, valvu ya hewa yenye kichwa cha milimita 35 husukumwa mgongoni kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 10. Springi iliyochoka haistahimili. Valvu huchelewa kurudi, hurukaruka kitini, na ikikutana na pistoni, injini kwisha.

"Basi nitilie springi ngumu kabisa!" akasema mwenye gari. La hasha. Springi iliyopita kiasi huila kemshafti na kuinyonya ile ile nguvu uliyoitafuta.

Ama valvu ya moshi, adui yake ni moto. Moshi wa injini ya namna hiyo waweza kupita digrii 900. Sehemu kubwa ya joto hutoka valvu inapokalia kiti chake, kwa hiyo kiti kikichongwa chembamba mno, valvu huungua. Wenye magari ya mashindano huchagua chuma chenye nikeli nyingi, kama Inconel, au valvu yenye shina tupu lililotiwa sodiamu. Sodiamu huyeyuka kabla ya digrii 100, ikatikisika humo ndani na kulipandisha joto shinani.

Tena kuna kemshafti. Kipo kitambo ambacho valvu zote mbili huwa wazi pamoja. Kitambo hicho kikiwa kirefu mno, moshi uliobanwa na tabo huweza kurudi silindani. Na kwa mashine ya kushindilia inayozungushwa kwa mkanda, hewa mpya hupotelea ekzosini. Ndiyo sababu injini hizi hupewa kemshafti yake maalumu.

Wapenzi wa Safari Rally wanaikumbuka Toyota Celica ya tabo iliyoshinda miaka mitatu mfululizo: 1984 kwa Björn Waldegård, 1985 kwa Juha Kankkunen, na 1986 kwa Waldegård tena. Tulilishangilia vumbi. Nani aliyezishangilia springi?

Mchuuzi akauliza bei ya spea hizo zote. Alipotajiwa, akanyamaza. Kisha akauliza kama hakuna za rahisi. Fundi akapangusa mikono. "Zipo, na kukutilia naweza. Lakini alfajiri gari hili hubeba akina mama pamoja na samaki wao. Likizimika katikati ya kupita lori, nitawajibu nini watu wao?"

Mchuuzi aliitazama tabo yake kitambo kirefu, kisha akaifunga guniani akaiuze. Fundi akazisaga valvu za zamani, akatia springi mpya za kadiri ya injini ile. Barafu, wakakubaliana, itaongezwa.

Wenziwe wa Kuruwitu waliiwekea bahari mpaka wapate kuvua kesho. Naye siku ile aliuwekea mpaka mwendo wake. Rahisi, ndugu zangu, huwa ghali.