Kamasi za Kiangazi Kinyinya: Je, Mtoto Ana Aleji?

Kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba mvua hukatika Kigali, na njia za udongo zinazopanda vilima vya Kinyinya hutimka vumbi jekundu. Pikipiki ikipita, vumbi hilo linafika hadi kitandani. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaanza kupiga chafya na kufikicha macho, kamasi zinamtiririka, na jirani ameshatoa hukumu: huyu ana aleji.

Huenda. Ila kwa umri huo mzio wa msimu ni nadra. Kinga ya mwili hukutana kwanza na chavua msimu mmoja, wa pili, pengine wa tatu, ndipo ianze kuipiga vita. Mafua ya virusi, kwa upande wake, yanaweza kumpata mtoto mdogo mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na yakifuatana, mzazi huyaona kama ugonjwa mmoja usiokwisha.

Mafua ya kawaida huweza kuja na homa na huisha ndani ya siku 7 hadi 10. Mzio hauleti homa. Kamasi hubaki nyepesi kama maji, wiki baada ya wiki, na kinachoutambulisha hasa ni muwasho: mtoto anasugua pua kwa kiganja, macho yanalengalenga machozi. Kamasi zikitoka tundu moja tu, tena zinanuka, sahau mzio. Mara nyingi kuna punje ya harage au ushanga umesukumwa humo. Mpeleke kwa daktari, usichokonoe.

Ushauri mwingi unaozunguka kwenye simu umeandikwa kwa ajili ya Ulaya, ambako chavua hutapakaa baada ya baridi kali. Rwanda hakuna msimu huo. Utafiti kuhusu pumu na mzio nchini humo, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta vichochezi vikuu ni chavua ya nyasi na utitiri wa vumbi la nyumbani. Utitiri ni kadudu kasikoonekana kwa macho, hujificha godoroni kakila magamba ya ngozi zetu, na hupenda unyevu. Yaani wakati wa mvua, vumbi la barabarani likiwa limelala, adui huyu ndio kwanza anastawi. Na moshi wa mkaa huwasha pua hata ya mtoto asiye na mzio wowote.

Kwa hiyo tiba inaanzia nyumbani. Jiko la mkaa likae nje. Sakafu ipigwe deki badala ya kufagiliwa mtoto akiwapo, shuka zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, na midoli ya manyoya isilale naye. Pua iliyoziba ifungue kwa maji ya chumvi: chemsha maji, yapoe, koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha mililita 240, kisha dondosha matone 2 au 3 kila tundu kabla hajala au kulala. Tengeneza mapya kila siku.

Dawa za maji za dukani ndizo zinazonitia hofu. Promethazini hairuhusiwi kwa mtoto chini ya miaka 2, kwani inaweza kumfanya ashindwe kupumua. Setirizini ina nafasi yake kwa watoto, lakini kipimo apange daktari. Asali nayo isionjwe kabla mtoto hajatimiza mwaka.

Zaidi ya yote, mtoto akiwa ametulia, tazama kifua chake na uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mwenye umri wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi ni nyingi mno. Wahudumu wa afya wa vijijini na mitaani Rwanda wamefundishwa hesabu hiyo, hivyo mgongee mlango aliye karibu nawe. Lakini kifua kikibonyea anapovuta pumzi, midomo ikibadilika rangi, au akishindwa kunywa, nenda kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.