Uzio wa Kilomita 39 Uliokaa Siku 14: Kazi Iliyofanywa na Michoro

Hebu fikiria safari ya kutoka Mpanda mjini hadi Sitalike, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Sasa fikiria umbali unaokaribiana na huo ukiwa na pazia jeupe la nailoni, kimo chake mita 5.5, linapanda vilima na kushuka mabonde mpaka linaingia baharini. Linakaa siku 14, halafu linaondolewa lote.

Kitu hicho kilikuwepo kweli. Kiliitwa Running Fence, na kilisimamishwa California, Marekani, Septemba 1976 na wasanii wawili, mtu na mkewe, Christo na Jeanne-Claude. Urefu wake ulikuwa kilomita 39.4. Maswali yanakuja yenyewe: nani alilipia, na nani aliruhusu? Kwa sehemu kubwa jibu ni moja: michoro.

Tuanze na hela. Wasanii hawa hawakupokea pesa za wadhamini wala hawakutoza kiingilio. Christo alichora kazi kabla haijajengwa, michoro ikauzwa, na mapato yakanunua kitambaa, nguzo na nyaya. Kazi ikishasimama, aliacha kuichora. Yaani michoro yake ilikuwa mipango, sio kumbukumbu.

Mchoro wenyewe ukoje? Mara nyingi una sehemu mbili zinazotundikwa pamoja. Sehemu kubwa inaonyesha mandhari kama jicho litakavyoiona, kwa penseli, mkaa na chaki za rangi. Sehemu ndogo ina ramani au picha ya kutoka angani, vipimo vya wahandisi, na wakati mwingine kipande cha kitambaa chenyewe. Ya kwanza inakufanya utamani kuiona kazi, ya pili inaeleza itasimamaje.

Lakini karatasi haipigwi na upepo. Mwaka 1971, huko Colorado, pazia lao lingine lililoitwa Valley Curtain lilichanika likiwa linafungwa kati ya milima miwili. Walirudia Agosti 1972, likasimama. Baada ya saa 28, upepo wa karibu kilomita 100 kwa saa ukawalazimisha kuliondoa. Ndiyo maana mchoro mzuri huenda pamoja na majaribio ya kitambaa, kamba na nanga, kisha vipimo vinarekebishwa.

Halafu kuna ruhusa. Running Fence ilipita kwenye ardhi ya wafugaji 59. Kulikuwa na vikao 18 vya hadhara na ripoti ya mazingira ya kurasa 450. Mfugaji hawezi kujadili wazo lililo kichwani mwa mtu, ila anaweza kuweka kidole kwenye karatasi akauliza, "Ng'ombe wangu watapita wapi hapa?" Uzio ulipojengwa ulikuwa na nafasi za kupitisha magari, ng'ombe na wanyamapori.

Sasa turudi Katavi. Tuseme msanii analeta mchoro wa kitambaa kilichotandazwa kwenye uwanda wa Katisunga. Swali la kwanza: umechorwa mwezi gani? Uwanda unaouona mkavu mwezi Agosti unaweza kujaa maji wakati wa masika. Kiangazi viboko hujazana kwenye mabwawa machache yanayobaki mto Katuma, na usiku hutoka kwenda kula majani. Mchoro usioonyesha njia zao haujakamilika, hata kama unapendeza vipi. Hapa kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka utaratibu wa tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi kuanza, na ndani ya hifadhi utakutana pia na TANAPA.

Na mchoro unaweza kuishia kukataliwa. Kuanzia mwaka 1992, Christo na Jeanne-Claude walipanga kutundika kitambaa juu ya mto Arkansas, Colorado, kwa vipande vyenye jumla ya kilomita 9.5. Wapinzani walihofia, pamoja na mengine, kondoo mwitu wa bonde lile. Kesi zilifika mahakamani, na Januari 2017 Christo akaachana na mradi.

Mto ule haukufunikwa hata siku moja. Watu walibishana miaka na miaka, na walichokuwa nacho mezani ni karatasi. Kosa la kwenye karatasi unalifuta kwa kifutio. Njia ya viboko ukishaiziba, hakuna kifutio.