Gari la kale si chuma chakavu

Jumamosi moja mnunuzi wa vyuma vikuukuu aliingia katika ua wa nyumba yetu kule Wundanyi akifuatana na vijana wawili waliobeba minyororo. Hakuingia kwa kusitasita kama afanyavyo mgeni. Aliingia kama mtu aliyealikwa, na kweli alikuwa amealikwa. Alilizunguka gari la marehemu baba mara moja, akaligonga ubavuni kwa ngumi na kuusikiliza mlio wake kama mnunuzi wa nazi, kisha akatoa hukumu: "Mzee, hapa hakuna gari. Hapa kuna kilo tu."

Aliyemwalika ni ndugu yangu mdogo, na simlaumu. Gari hilo, Peugeot 504 ambalo baba alilinunua mwaka wa 1979 alipokuwa mwalimu mkuu, lilikuwa limekaa chini ya mparachichi kwa miaka 11. Kuku walitaga katika kiti chake cha nyuma, magurudumu yalizama ardhini na kutu ilikuwa imekwisha kula sehemu za chini za milango. Mama naye alihitaji tangi la maji, kwani mvua za vuli zilikuwa karibu. Ndugu yangu alinitazama akaniambia, "Kaka, kumbukumbu haitekwi kwa ndoo."

Neno hilo lilinichoma kwa kuwa lilikuwa la kweli. Hata hivyo, nilimwomba yule mnunuzi arudi na minyororo yake. Bei aliyokuwa tayari kutoa nikailipa mimi kutoka mfukoni mwangu, na tangi likanunuliwa. Kwa hiyo naweza kusema kwamba gari la baba nililinunua kwa bei ya tangi la maji, na tangu siku hiyo nikaingia katika uraibu ambao wengi wa marafiki zangu huuita wazimu.

Msomaji mpendwa, nataka leo niutetee wazimu huo. Sitautetea kwa kuwa ni wangu, bali kwa kuwa naamini kwamba taifa linalokiita kila kilichozeeka mkweche halitakuwa na cha kuwaonyesha wajukuu wake.

Kwanza, tujikumbushe gari lenyewe. Peugeot 504 ilizinduliwa nchini Ufaransa mwaka wa 1968, na mwaka uliofuata ikatunukiwa taji la gari bora la mwaka barani Ulaya. Zaidi ya magari milioni 3 ya aina hiyo yaliundwa. Huko kwao uundaji wa saluni ulikoma mwanzoni mwa miaka ya themanini, lakini sisi tuliendelea kuyaunganisha humu humu nchini hadi mwaka wa 2004. Kwa hivyo, ingawa alizaliwa ugenini, mtoto huyu alilelewa kwetu, na sisi ndio tuliomjua hadi uzeeni mwake.

Ni nani wa umri wangu asiyeyakumbuka? Kabla ya matatu za viti 14 kushika barabara kuu, abiria aliyetaka kufika Kisumu au Nakuru upesi alipanda Peugeot yenye umbo la behewa, safu tatu za viti, dereva akiwa amevaa kofia na kuuelekeza uso wake mbele kama rubani. Maafisa wa serikali waliyatumia, wakulima wa kahawa waliyanunua walipopata malipo mazuri, na mara nyingi safari ya mwisho ya mtu kutoka mjini hadi kwao ilikuwa ni juu ya paa la gari hilo, jeneza likiwa limefungwa kwa kamba na jamaa wameketi chini yake kimya. Gari lililobeba wali wa arusi mwezi huu lingeweza kubeba maiti mwezi ujao. Historia ya aina hii haimo katika vitabu vya shule.

Isitoshe, magari hayo yalituletea fahari. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka wa 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na upesi yakajulikana ulimwenguni kama mtihani ambao magari mengi huanguka. Mnamo 1963 na tena 1968, ni magari 7 tu yaliyomaliza, na katika miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiendesha Peugeot 404, mtangulizi wa 504. Kisha 504 yenyewe ikashinda mwaka wa 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na tena mwaka wa 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Joginder Singh, Mkenya mwenzetu aliyefariki mwaka wa 2013, alishinda mara tatu, na ushindi wake wa kwanza wa 1965 aliupata kwa gari la Volvo ambalo lilikuwa limekwisha kutumika. Watoto walisimama kando ya barabara wakila vumbi kwa furaha. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Hapo basi ndipo penzi lilipoanzia. Lakini penzi peke yake haliwashi injini.

Nilipolisafirisha gari hadi Nairobi juu ya lori, fundi wa kwanza niliyempa kazi, ambaye simtaji, alichukua fedha zangu za miezi minne na kuniachia hasara. Alijaza maji ya mfereji katika redieta. Kisha alikitoa na kukitupa kile kidhibiti cha joto ambacho mafundi wetu wengi hudhani ni adui wa injini. Asichojua ni kwamba silinda za injini hii zimezungukwa na maji moja kwa moja, na kichwa chake ni cha alumini. Maji matupu yasiyotiwa dawa ya kuzuia kutu huila alumini kidogo kidogo, na injini isiyofikia joto lake halisi huchakaa mapema na kunywa petroli kama ngamia aliyefika kisimani. Gasketi ikapasuka, oili ikachanganyika na maji, nami nikakaa kando ya barabara nikitazama uji wa kijivu ukichuruzika.

Fundi wa pili nilimpata karibu na Grogan, pale ambapo nusu ya magari ya Nairobi huenda kufufuliwa na nusu nyingine huenda kuchinjwa. Ni mzee aliyeanza kuyashika magari hayo tangu ujana wake. Hakufungua boneti kwanza. Aliniambia niwashe, akainamisha kichwa na kusikiliza, kisha akataja magonjwa matatu. Yote matatu yalikuwapo.

Mzee huyo alinipa sharti moja: angenifundisha, si kunifanyia. "Gari la namna hii," alisema, "mwenyewe asipolijua, mimi nitakuwa nalitengeneza kila wiki, nawe utakuwa unalia kila wiki." Basi kila Jumamosi nilivaa ovaroli. Nilijifunza kwamba petroli iliyolala miezi mingi hugeuka gundi na kuziba vitundu vya kabureta. Nilijifunza kwamba oili ya breki hufyonza unyevu kutoka hewani hata kama gari halitembei, na kwa hivyo yafaa ibadilishwe kila baada ya miaka miwili. Tairi lenye meno mazuri laweza kuwa limekufa kwa uzee, na mpira wake kupasuka siku ya mwendo wa kasi. Zaidi ya yote, nilijifunza kwamba gari la zamani huuawa zaidi na kukaa kuliko kutembea. Liwashwe, liendeshwe hadi lipate joto kamili, ndipo unyevu ulio ndani ya injini na bomba la moshi ukauke.

Jambo jingine ni petroli yenyewe. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye madini ya risasi mwanzoni mwa mwaka wa 2006, na hilo lilikuwa jambo jema kwa ubongo wa watoto wetu. Lakini baadhi ya injini za zamani ziliyategemea madini hayo kuvilinda viti vya vali. Mwenye gari la zama hizo hana budi kuchunguza kichwa cha injini yake kina viti vya aina gani, na ikiwa ni laini, avibadilishe kwa vigumu. Injini ya gari langu ilivumilia, kwa kuwa viti vyake ni vya chuma kigumu kilichopachikwa ndani ya alumini.

Kazi ilichukua miaka miwili. Sitaficha kwamba gharama ilizidi bei ya tangi la maji mara nyingi. Sitaficha pia kwamba mwenye deni la karo hapaswi kuanza safari hii, kwani hakuna usukani unaostahili kushikwa na mtu ambaye mwanawe amefukuzwa shule. Wala si busara kulitumia gari hili kama magari ya leo. Halina mifuko ya hewa ya kumkinga dereva, breki zake zataka mguu mzito na akili nyepesi, na mikanda ilinibidi nitie mipya. Silitoi usiku katika barabara kuu ya Mombasa, ambapo malori hushindana na kifo. Anayependa kitu cha kale lazima ajue mipaka yake.

Lakini faida yake nayo ni ipi? Nitaeleza yaliyonipata Jumapili ya kwanza nilipolitoa. Kwenye kizuizi cha polisi, afisa alinisimamisha. Nikatayarisha leseni na bima. Hakuvitazama. Aliweka mkono juu ya boneti akasema babake alikuwa nalo kama hili, la rangi hii hii, na kwamba yeye alifundishwa kuendesha akiwa amekaa juu ya mto ili aone barabara. Tangu siku hiyo nimesikia visa vya namna hiyo katika kila kituo cha petroli. Mzee mmoja alinionyesha kovu. Mama mmoja alinieleza alivyojifungua kwenye kiti cha nyuma kabla ya kufika hospitalini. Gari jipya huwafanya watu wamtazame mwenyewe. Hili langu huwafanya wayakumbuke maisha yao.

Wako watakaosema huu ni mchezo wa matajiri na wazungu. Hayo ni mawazo ya mtu ambaye hajatembea. Mashindano ya urembo wa magari, Concours d'Elegance, yamekuwapo Nairobi tangu mwaka wa 1970, yakiandaliwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo, na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong umeyapokea kwa miaka mingi. Yeyote aliyewahi kuyahudhuria ataona kwamba waamuzi hawaulizi gari liligharimu kiasi gani. Huinama na kutazama chini ya bodi, hufungua boneti, hupitisha macho kwenye pembe zilizofichika. Kinachopewa alama ni utunzaji, na pikipiki ndogo ya fundi nayo ina nafasi yake.

Kuna hoja nyingine ya kitaifa. Kwa kawaida sheria zetu haziruhusu kuingizwa nchini gari la mtumba lililozidi miaka 8. Simpingi aliyeitunga sheria hiyo. Hatutaki kuwa jaa la dunia. Lakini maana yake ni kwamba magari ya kale tuliyo nayo ndiyo hayo tu. Kila moja linalokatwa kwa gesi na kupimwa kwenye mizani halina mrithi. Treni zetu za mvuke zilipata bahati, kwani makumbusho ya reli yalifunguliwa Nairobi mwaka wa 1971, na hadi leo mtoto aweza kuligusa gurudumu lililomvuta babu yake hadi Kisumu. Magari ya barabarani nayo yanastahili heshima hiyo. Serikali za kaunti zinazotafuta vivutio vya utalii zingeanza kwa kutazama nyuma ya ofisi zao wenyewe, mahali ambapo magari ya zamani ya wakuu wa wilaya yanaota nyasi yakisubiri mnada.

Na si vyuma tu vinavyopotea. Yule mzee wa Grogan ana wana watatu, na hakuna hata mmoja aliyeirithi kazi yake. Vijana wa gereji za leo huchomeka kompyuta na kusoma kosa kwenye kioo. Siwadharau, maana magari ya leo hayatengenezeki vinginevyo. Lakini ujuzi wa kusikiliza, wa kupima mwanya wa vali kwa mkono na wa kuchonga kipuri kisichouzwa tena popote, huo utazikwa na mzee yule ikiwa hakuna gari la kuufanyia mazoezi. Vyuo vyetu vya ufundi vingeweza kumwita mara moja kwa wiki. Hangedai mshahara mkubwa. Nadhani angedai chai na mtu wa kumsikiliza.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tumeacha mibacha mingi, na misala imepita mingi.

Desemba iliyopita nililiendesha gari la baba hadi nyumbani. Kona za kupandia Wundanyi kutoka Mwatate ni kali, nami niliogopa joto la injini, lakini sindano haikutikisika. Mama alitoka jikoni kabla sijapiga honi. Alisema aliutambua mlio kutoka bondeni. Ndugu yangu alikuwa kando ya tangi akiteka maji. Alikuja polepole, akanawa mikono, akafungua mlango wa dereva na kuketi bila kusema lolote. Kisha akauliza, "Kaka, gia ya kwanza iko wapi?"

Nilimwonyesha. Aliizima injini mara mbili kabla ya kufika langoni.