Acha Kikombe cha Maziwa, Leta cha Mkojo

"Daktari, mimi kila nikimaliza kupulizia dawa nakunywa maziwa. Kwangu hamtakuta kitu. Sasa mnanipima ya nini?"

Nikipita kupima sumu kwenye damu na mkojo, nimeulizwa hivyo Namtumbo, nimeulizwa Mbinga, na hapa Songea mjini nimeulizwa na watu waliovaa tai. Leo nalijibu kwa maandishi, ili atakayeniuliza tena nimpe karatasi niendelee na kazi.

Maziwa hayaoshi sumu. Hayaoshi ya shambani, hayaoshi ya mgodini, hayaoshi ya gereji. Ni chakula kizuri, na hapo ndipo sifa yake inapoishia.

Tuanze na vumbi. Anayechimba au kupakia makaa ya mawe kule Mbinga, na anayeishi kando ya barabara wanakopita madereva wa malori ya makaa kuelekea bandari ya Mtwara, wote wanavuta vumbi. Vumbi linakwenda mapafuni, maziwa yanakwenda tumboni. Njia hizo mbili huachana kooni na hazikutani tena huko chini. Tone la maziwa likipotea likashika njia ya vumbi, utakohoa mpaka machozi yakutoke. Yakiwa mengi, utalazwa.

Sasa dawa za kupulizia. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, bomba la mgongoni limepata kazi nyingi kwenye mahindi yetu. Baadhi ya viuadudu vinavyotumika ni vya kundi la oganofosfeti, na mara nyingi vinaingia mwilini kupitia ngozi: bomba linavuja, shati linalowa mgongoni, mkono mtupu unakoroga dawa ndani ya ndoo. Vikishafika kwenye damu vinakishika kimeng'enya kinachoitwa kolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuzima amri za mishipa ya fahamu zikishatimizwa. Kimeng'enya kikishikwa, amri haizimiki: jasho linamwagika, mate yanajaa, mboni za macho zinasinyaa, misuli inatetema, kifua kinajaa maji. Nusu lita ya maziwa, wakati huo, iko tumboni inameng'enywa, pamoja na vilivyomo: protini, mafuta na sukari. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachojua kuibandua dawa kwenye kimeng'enya.

Na aliyeimeza? Hapo maziwa yanaweza hata kudhuru. Baadhi ya sumu huyeyuka kwenye mafuta, na mafuta ya maziwa yanaweza kuzisaidia kupenya ukuta wa utumbo. Mgonjwa aliyejazwa maziwa akatapika huku fahamu zimepungua anaweza kuyavuta mapafuni. Dawa ya sumu ya oganofosfeti ni atropini, inachomwa hospitalini, na kila dakika inayotumika kutafuta ng'ombe wa jirani ni dakika iliyoibwa.

Kama uongo mwingi unaodumu, huu nao una punje ya ukweli ndani yake. Mtoto asiyepata kalisiamu na chuma vya kutosha hufyonza zaidi madini ya risasi anayoyameza, kwa hiyo lishe bora, maziwa yakiwemo, hupunguza kiasi kinachoingia. Soma tena: kinachoingia. Risasi iliyokwisha kuingia hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi, na hakuna kikombe kinachoitoa. Punje hiyo moja imekuzwa ikawa gunia. Urusi hadi leo sheria ya kazi inawapa maziwa wafanyakazi wa mazingira hatarishi. Hapa kwetu kuna waajiri wanaogawa pakiti ya maziwa kila mwisho wa zamu, na wafanyakazi wanashukuru. Mimi sishukuru. Maziwa ni rahisi kuliko barakoa nzuri na mfumo wa kufyonza vumbi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamdai mwajiri vifaa vya kinga na uchunguzi wa afya. Pakiti ya maziwa hailipi deni hilo.

Isitoshe, maziwa yenyewe hubeba sumu. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Phyllis Omido aliajiriwa hapo mwaka 2009, na mwanawe mchanga akaugua. Madaktari walitafuta magonjwa ya kawaida, hawakuyaona. Damu ilipopimwa risasi, risasi ikaonekana, na mtoto alikuwa bado ananyonya. Baadaye wakazi walikwenda mahakamani, na vipimo vya damu vikawa sehemu ya ushahidi wao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hakuna hakimu angetoa fidia kwa ushahidi wa kikohozi na malalamiko.

Hitaji hilo la ushahidi wa vipimo ndilo linaloleta kijijini gari la maabara inayotembea. Hospitali zetu zimejengwa kutafuta malaria, sukari na shinikizo la damu. Vipimo vya sumu za mazingira vina adabu nyingine, na vingi haviwezi kusubiri. Mvuna tumbaku anayeshika majani mabichi yenye unyevu hupokea nikotini kupitia ngozi. Alama yake kwenye mkojo, kotinini, hupungua kwa nusu ndani ya siku moja hivi. Kipimo cha kolinesterasi huyumba joto likipanda. Damu ya kupimwa madini inataka chupa maalumu zisizo na chembe za madini, na kidole chenye vumbi la barabarani kinaweza kuongeza risasi ambayo haikuwa mwilini. Sampuli ikikaa kwenye boksi la barafu iliyokwisha kuyeyuka, kutoka Songea hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, kinachofika huko ni maji ya rangi. Ndani ya gari kuna ubaridi, meza safi, mashine ya kuzungusha damu na jokofu la kugandisha, hatua chache kutoka kwa mwenye mkojo.

Wala si jambo geni. Marekani imekuwa ikizungusha matrela ya uchunguzi tangu miaka ya 1960. Kati ya 1976 na 1980 damu iliyochukuliwa humo ilionyesha wastani wa risasi ukishuka kwa zaidi ya theluthi, sambamba na kupungua kwa petroli yenye risasi. Mwaka 2020 Jumuiya ya Afrika Mashariki iligawa maabara tisa zinazotembea kwa ajili ya Ebola na korona, mbili zikaja Tanzania. Magari tunayajua. Tofauti iko kwenye mashine za ndani na kwenye swali linaloulizwa: sumu imeingia mwilini kiasi gani?

Na swali lenyewe halijibiwi na ziara moja. Kiwango cha kolinesterasi hutofautiana mtu na mtu, kwa hiyo kila mkulima hulinganishwa na yeye mwenyewe: kipimo kabla ya msimu wa kupulizia, kingine katikati yake. Kikishuka kwa asilimia 20, tunarudia kipimo na kukagua anavyofanya kazi. Kikishuka kwa asilimia 30, aweke bomba chini mpaka kipande. Namtumbo nako, ambako kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani cha Mto Mkuju kilizinduliwa Julai 2025, mkojo wa kulinganishia unatakiwa sasa, kabla uchimbaji mkubwa haujaanza. Ukishaanza, hutajua kilichokuwepo na kilichoongezeka.

Hapa ndipo maziwa yanapotuharibia hata utafiti. Anayeamini amejiosha haji kupimwa. Wanaokuja ni waliokwisha kuugua. Picha ya kijiji inapinda, na anayetaka kusema hakuna tatizo, au kwamba kila mtu ana tatizo, anapata takwimu ya kumfurahisha.

Basi, gari likija. Uliza barua ya kibali cha maadili kutoka NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, usione aibu. Uliza sampuli yako inakwenda wapi, inakaa muda gani, na majibu yako utaletewa lini na nani. Asiyeweza kujibu, usimpe kitu. Kushiriki ni hiari, na unaweza kujitoa hata baada ya kukubali. Usije moja kwa moja kutoka shambani: oga, badili nguo, nawa mikono kwa sabuni. Taja siku uliyopulizia mara ya mwisho, na njoo na jina la dawa. Wakitaka nywele kwa kipimo cha zebaki, waambie kama umezipaka rangi. Usiruke ziara ya pili.

Gari lisipokuja: glavu, buti, mikono mirefu, pulizia upepo ukiwa mgongoni, nguo za kazi zifuliwe peke yake, kopo tupu lisigeuzwe chombo cha maji wala cha maziwa. Ukitetemeka, ukitokwa mate na kubanwa kifua baada ya kupulizia, usisubiri watafiti: vua nguo, jimwagie maji mengi kwa sabuni, nenda kituo cha afya au HOMSO, hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Songea. Nenda na kopo lenye lebo. Daktari akishajua jina la dawa, anajua aanzie wapi.